Mraba Mweupe

Mama Scholastika Ngonyani alimaliza jaribio kwa sekunde tano na nusu. Kati ya waongoza maji kumi na wawili waliopita kwenye chumba kile tangu Jumatatu, hakuna aliyemshinda.

Ndimyake Mwambene aliziandika sekunde hizo kwenye daftari, ingawa mashine ilikuwa imeshazinasa. Ndivyo alivyozoea kwa miaka tisa ya kupima mifumo: kinachonaswa na mashine, naye akiandike kwa mkono. Upande wa pili wa kioo yule mama alikuwa bado amekaa wima kama anayesubiri kupigwa picha, mkanda wa kupimia mapigo ya moyo kifuani, macho kwenye skrini iliyoonyesha maneno mawili tu: Asante. Umethibitisha.

Mfumo uliokuwa ukijaribiwa uliitwa Kizingiti. Bwawa la Luhanje lilipojaa kupita kiasi, maji yalilazimika kutolewa upande mmoja wa bonde kabla ukuta haujapasuka na kuwazoa wote. Kompyuta ilihesabu watu wa kila upande kwa kusoma bangili za wito, zile ambazo kila mkazi wa bonde alivaa mkononi tangu mvua zilipobadilika, kisha ikapendekeza upande wenye watu wachache. Lakini sheria haikuiruhusu kompyuta kufungua lango peke yake. Ilitaka mkono wa mtu. Mtu alihitaji skrini, na skrini ilihitaji mtu kama Ndimyake wa kusema kama inatumika vizuri au la.

Skrini ya zamani ilikuwa na orodha ndefu ya vijiji, idadi ya kaya, zahanati na shule. Hii mpya ilikuwa na miraba kumi na miwili. Mwekundu, watu wengi. Wa njano, wachache. Mweupe, hakuna mtu. Chini yake kitufe kimoja kikubwa kama kiganja.

Ndimyake aliingia chumbani, akamsaidia yule mama kufungua mkanda.

"Shikamoo mama. Pole na kazi."

"Marahaba, mwanangu. Hii nayo ni kazi? Nimebonyeza mara moja."

"Kuanzia moja hadi kumi, mfumo ulikuwa rahisi kiasi gani?"

"Kumi."

"Wasiwasi je, ulikuwa nao?"

Mama Ngonyani alifikiri. Alikuwa ameongoza malango ya Luhanje kwa miaka ishirini na miwili, na vidole vyake vilikuwa vinene, vya mtu aliyeanza kazi enzi malango yanazungushwa kwa mikono. "Sikuwa nao hata kidogo. Na hilo limenishangaza."

Swali la mwisho kwenye fomu lilikuwa la kawaida, la kuona kama mtumiaji anakumbuka alichofanya. "Maji umeyapeleka wapi?"

"Kwenye mraba mweupe."

"Mweupe maana yake nini?"

"Hakuna mtu." Kisha akainua kichwa. "Mwanangu, na mnara wa mawasiliano ukianguka? Bangili zisiposomeka, mraba unakuwa rangi gani?"

Ndimyake alifungua mdomo ajibu, akagundua kwamba hajui. Watu kumi na mmoja walikuwa wamekaa kwenye kiti kile, na hakuna aliyeuliza. Yeye mwenyewe hakuuliza.

Yule mama alipoondoka, aliufungua mwongozo wa wasanifu na kuupekua mpaka ukurasa wa mia moja na arobaini. Taarifa zikikosekana, mraba utabaki na rangi yake ya mwanzo. Alirudi nyuma kurasa tisini kutafuta rangi ya mwanzo.

Ilikuwa nyeupe.

*

Injinia Gwamaka Mwasandube alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Alikuwa mkuu wa mradi, mwanamume mwembamba wa miaka hamsini ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Ofisi yake ilitazama ukuta wa bwawa, na Ndimyake alikuwa ameshagundua kwamba daima alikaa kwa kuupa mgongo.

"Umeona kitu cha kweli," alisema. "Tutakirekebisha kwenye toleo lijalo, mvua zikiisha."

"Kwa nini si sasa? Ni rangi tu."

"Kwa sababu nikigusa kitu kimoja, sheria inanitaka nirudie majaribio yote. Wiki sita. Wataalamu wa hali ya hewa wanasema mvua kubwa ni wiki ijayo. Ukisaini Ijumaa, tuna mfumo. Usiposaini, tunarudi kwenye ule wa zamani." Alimtazama. "Unakumbuka ule wa zamani?"

Alikumbuka. Miaka minne nyuma, usiku wa Lugoma, mwongoza maji mmoja aliona kwenye orodha jina la kijiji alichozaliwa. Mfumo ulimwambia apeleke maji huko. Aliganda. Kumbukumbu za mashine zilionyesha kidole chake kikiwa juu ya kitufe kwa dakika nne na sekunde kumi na moja. Kisha ukuta wa bwawa lile dogo la Lugoma ukapasuka, na watu mia mbili na kumi na wawili wakafa, wakiwamo wale wa kijiji alichotaka kukiokoa. Mke wa Gwamaka alikuwa miongoni mwao. Alikuwa mwalimu, amekwenda kusimamia mitihani upande wa pili wa bonde.

Baada ya hapo serikali iliitisha tathmini ya skrini, na aliyeifanya ni Ndimyake. Sentensi yake moja ilinukuliwa kila mahali: Majina ya vijiji yanamlemea mtumiaji na kumchelewesha, yaondolewe. Kizingiti kilijengwa juu ya sentensi hiyo.

"Tangu nchi hii ianze kupima mifumo," Gwamaka alisema, "hakuna uliopata alama tisini na tatu. Watu wako wanamaliza kwa sekunde sita. Zamani ilikuwa sekunde sabini na moja, na hayo ni mazoezi tu, si siku yenyewe. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba haraka inaokoa."

"Nilikuwa napima haraka, Injinia. Sikupima kama wanajua wanachokifanya."

"Wakijua wanaganda."

 Ndimyake aliomba kitu kimoja: Alhamisi, mfumo utakapowekwa kwenye chumba halisi kwa siku ya uangalizi, lile tabaka la majina ya vijiji lililotumiwa na mafundi wakati wa ujenzi libaki, na yeye aweze kuliwasha kutoka kwenye kishikwambi chake. Alisema ni kwa ajili ya kulinganisha, zamu ikiisha.

Gwamaka alikubali. "Lakini kanuni unazijua. Mpimaji hasemi na hagusi chochote mtumiaji akiwa kazini."

"Kanuni hizo niliziandika mimi," alisema Ndimyake.

*

Mvua haikungoja wiki ijayo. Ilianza Jumatano jioni milimani, na Alhamisi saa tatu asubuhi kipimo cha bwawa kilikuwa kimeshavuka mstari wa pili. Ving'ora viliwataka watu wa bondeni wapande juu. Kwenye skrini ya chumba cha malango miraba ilianza kubadilika, mmoja baada ya mwingine: mwekundu ukawa wa njano, wa njano ukawa mweupe. Watu wanahama. Mafundi waliokuwa wamesimama ukutani walitazamana kwa faraja.

Zamu ilikuwa ya Mama Ngonyani. Alikaa mbele ya skrini na sweta lake la kijivu, macho yakienda na kurudi kati ya miraba na vipimo vya kina cha maji. Ndimyake alikaa hatua tatu nyuma yake, kishikwambi mapajani. Gwamaka alisimama nyuma ya wote.

Saa nne na dakika saba, Mama Ngonyani aligeuka kusoma kipimo cha ukuta. Wakati huohuo Ndimyake aliona mraba wa nne ukibadilika. Ulikuwa mwekundu. Ukawa mweupe.

Haukupita kwenye njano.

Alisubiri. Huenda ameona vibaya. Huenda yamekuja malori ya jeshi na kuwapakia watu wote kwa mkupuo. Asubuhi ile malori yalikuwa yakizunguka bondeni. Lakini watu hawahami namna ile, wote kwa sekunde moja, kama taa iliyozimwa. Mnara ndio huzimika namna ile.

Au alikuwa anaona anachokiogopa tangu Jumanne.

Kengele ya ukuta ililia, na skrini ikajisafisha. Ilibakiza miraba miwili tu, mweupe kushoto na wa njano kulia, na juu yake maandishi makubwa: Peleka maji mraba wa nne. Pembeni sekunde zilianza kushuka kutoka tisini. Zikifika sifuri, ukuta hauna dhamana.

Mama Ngonyani aligeuka, akaona nyeupe, akanyoosha mkono.

Ndimyake aliwasha majina.

Hakukumbuka baadaye kwamba aliamua. Alikumbuka tu ubaridi wa kioo kwenye ncha ya kidole, na maandishi yakitokea juu ya miraba. Kushoto: Mkongoda, zahanati, shule ya msingi, watu sifuri. Kulia: Nyambili, chama cha ushirika, watu arobaini na mmoja.

Mkono wa Mama Ngonyani ulisimama hewani.

"Nini hiki?" Gwamaka aliuliza kwa sauti ya chini. "Ndimyake, zima."

Hakuzima.

"Zima. Unamwua mtu pale. Unamfanyia alichofanyiwa yule wa Lugoma."

Kwenye kishikwambi mapigo ya moyo ya yule mama yalipanda kutoka sabini na nane hadi mia na arobaini. Sekunde sabini na tano zimebaki. Sabini. Mgongo wa sweta la kijivu haukusogea hata kidogo. Ndimyake alikuwa amekiona kidole kilichoganda hivyo kwenye video ya Lugoma mara nyingi mno kiasi kwamba aliweza kukichora.

"Leo ni siku gani?" Mama Ngonyani aliuliza.

Mpimaji hasemi.

"Nimeuliza leo ni siku gani!"

"Alhamisi," Ndimyake alisema.

"Alhamisi ni kliniki ya watoto Mkongoda. Kina mama wanatoka mpaka vijiji vya juu kuja kuchanjisha. Sifuri haiwezekani." Alinyakua simu ya mezani na kubonyeza namba ya zahanati. Chumba kizima kilisikia mlio mfupi wa laini iliyokufa. Sekunde hamsini na mbili. "Mnara umelala," alisema, na sauti yake ilikuwa tulivu ghafla. "Arobaini na mmoja upande ule, na king'ora chao ni kizima?"

"Kizima," fundi mmoja alijibu kutoka ukutani. "Wana dakika kumi na moja kabla maji hayajafika."

"Mama," Gwamaka alisema. Alikuwa ameegemea kiti cha Ndimyake kwa mikono yote miwili. "Mama, nakuomba. Vyovyote vile, bonyeza."

Sekunde arobaini na nne zikiwa zimebaki, Mama Ngonyani aligusa mraba wa njano. Skrini ikamwuliza kama ana uhakika, kwa sababu anakwenda kinyume na pendekezo. Akagusa tena. Ikamtaka aandike sababu. Vidole vyake vinene vilikosea herufi mara mbili, akafuta, akaandika: kliniki. Sekunde ishirini na tisa. Akabonyeza kitufe kikubwa.

Sakafu ilitetemeka lango la kulia lilipoanza kupanda.

Mama Ngonyani alitoa simu yake mwenyewe mfukoni na kuanza kupiga. Haikupokelewa. Akapiga tena, na tena, kwa dakika ishirini, mpaka mafundi walipofanikiwa kuunganisha mawasiliano kupitia mnara wa kijiji jirani.

"Restituta?" alisema. "Uko wapi, mama? Mtoto unaye?" Akasikiliza. Kisha akainama mpaka paji la uso likagusa meza, simu bado sikioni. Ndipo Ndimyake alipoelewa kwamba binti yake alikuwa Mkongoda, kwenye foleni ya chanjo.

*

Zahanati ya Mkongoda, ambako king'ora hakikusikika, asubuhi ile ilikuwa na akina mama na watoto mia tatu na kumi na saba. Nyambili, watu thelathini na tisa walifika juu salama. Wawili hawakufika. Mzee Alfonsi Kapinga hakuweza kutembea tangu alipopooza, na Yustina, mke wa mwanawe, alirudi ndani kumbeba.

Kamati ya uchunguzi ilikaa siku hiyohiyo mchana. Walimwuliza Mama Ngonyani swali moja kwa namna tano tofauti: alichagua kwa sababu ya kliniki, au kwa sababu ya binti yake?

"Sijui," alijibu mara zote tano.

Walimwuliza Ndimyake kwa nini aligusa. Alisema aliona mraba ukiruka rangi ya njano. Walimwuliza kama alikuwa na uhakika. Alisema hapana. Walimwuliza, kama Mkongoda ingekuwa kweli haina mtu, na mwongoza maji akaganda kwa sababu ya majina aliyoyawasha yeye, angesema nini leo. Mwenyekiti aliandika kwamba shahidi hakujibu.

Ijumaa asubuhi alimkuta Gwamaka ofisini, kompyuta imefunguliwa. Safari hii kiti chake kilikuwa kimegeuzwa kuelekea dirishani.

"Nimebadilisha," Gwamaka alisema. "Taarifa zikikosekana, mraba unakuwa mweusi na unalia. Unajua imenichukua muda gani? Dakika ishirini." Alipangusa uso kwa kiganja. "Dakika ishirini, Ndimyake. Pamoja na kunywa chai."

Ndimyake aliweka fomu juu ya meza. Mfumo unafaa kutumika? Alikuwa ameshaweka alama kwenye Hapana, na chini yake ameandika kurasa tatu. Alieleza rangi, na kwamba rangi si ugonjwa wenyewe. Alieleza kwamba alama tisini na tatu zilikuwa za kweli, kwamba watumiaji waliridhika kweli, na kwamba waliridhika kwa sababu skrini iliwaondolea kitu ambacho hakuna skrini yenye haki ya kukiondoa. Alitaka majina yarudi. Alitaka mwongoza maji asikae peke yake, wawe wawili. Na kwenye ukurasa wa mwisho alinukuu sentensi yake ya miaka minne iliyopita, akaandika kwamba alikosea.

Gwamaka alisoma zote.

"Ipo siku mtu ataganda tena," alisema. "Akiwa ameona jina la kwao. Na watu watakufa, na karatasi itakuwa na saini yako."

"Najua."

"Mke wangu angekuwa hai kama skrini ile ingekuwa na miraba."

"Najua, Injinia. Sina la kukujibu hapo."

Gwamaka akavuta kalamu na kusaini mahali pa kupokelea, akamrudishia nakala.

*

Mama Ngonyani alikuwa akimsubiri Ndimyake getini na kanga mbili begani. Moja alimpa yeye ajitande. Hawakuwa wamepanga, alisema tu, "Twende," na Ndimyake akajua ni wapi.

Nyambili bado ilinuka matope. Turubai lilikuwa limefungwa nje ya nyumba iliyobakiza kuta mbili, na wanaume walikaa kwenye mabenchi ya ushirika, wanawake kwenye mikeka. Gervas Kapinga, aliyewapoteza baba na mke kwa asubuhi moja, alikuwa kwenye benchi la mbele. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri sana. Wenyeji walidhani wageni ni jamaa, wakawapisha.

Mama Ngonyani hakukaa. Alipiga magoti mbele ya yule mwanamume.

"Pole, baba. Naitwa Scholastika Ngonyani. Mimi ndiye niliyefungua maji."

Mazungumzo yalikatika, benchi hadi benchi.

"Asubuhi walikuja watu wawili wa Mamlaka ya bwawa," Gervas alisema taratibu. "Wamesema ni mfumo ndio umechagua."

"Si mfumo. Mfumo ulitaka kwingine. Ni mimi."

"Ulijua huku kuna watu?"

"Nilijua. Iliandikwa, arobaini na mmoja. Na jina la Nyambili nililiona."

"Kwingine kulikuwa na nani?"

Ndimyake alimwona akivuta pumzi. Angeweza kusema akina mama na watoto mia tatu, na ingekuwa kweli, na pengine ingetosha.

"Binti yangu," Mama Ngonyani alisema. "Na mjukuu wangu wa miezi saba. Na wengine mia tatu, lakini siwezi kukudanganya kwamba niliwafikiria wao kwanza."

Mwanamke mmoja kwenye mkeka alianza kulia kwa sauti. Mzee mmoja akasimama kama anayetaka kuwafukuza, Gervas akamzuia kwa mkono bila kumtazama.

"Na huyu?" aliuliza.

Magoti ya Ndimyake yalikuwa yameshagusa udongo. "Mimi ni mpimaji wa skrini wanayotumia. Majina yalikuwa yamefichwa ili wasichelewe. Nilishauri mimi yafichwe. Jana nikayafunua mimi. Nisingeyafunua, maji yasingekuja huku."

Alisikia maneno yake mwenyewe yakitoka, makavu kama ripoti, akaona aibu. Hakuwa na mengine.

Gervas Kapinga aliwatazama wote wawili. Macho yake yalikuwa mekundu, hayana hasira wala msamaha, yamechoka tu. Nyuma ya nyumba walikuwa wakipigilia misumari kwenye mbao.

"Mazishi ni saa tisa," alisema. "Mtakaa mpaka mwisho."

"Tutakaa, baba," alisema Mama Ngonyani.

Wanawake wa kwenye mkeka walisogea, polepole, mmoja baada ya mwingine, mpaka nafasi ya watu wawili ikapatikana.